Farasi Mia Tisa wa Tukuzia

Ukiitafuta Tukuzia kwenye ramani hutaiona, na kosa si lako. Inasemekana wachoraji wa ramani waliagizwa waichore kwa ukubwa unaolingana na heshima yake, wakajibu kwamba karatasi haitoshi, mazungumzo yakavunjika, na mpaka leo nchi ile ipo bila kuchorwa. Ina mto mmoja mkubwa, ina uwanja wa mikutano, ina mawaziri arobaini na mmoja, na mwaka huu tunaousimulia ilikuwa imepata kitu kingine tena: injini.

Injini hiyo ilitangazwa uwanjani siku ya Jumamosi na Waziri wa Nguvu na Fahari, Mheshimiwa Bakunda, mtu ambaye alipewa kipaza sauti kwa sababu ya itifaki tu, si kwa kukihitaji.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo nchi yetu imezaa. Imezaa injini! Inaitwa Radi ya Taifa. Imetengenezwa hapa hapa, kwa mikono yetu wenyewe, kwa asilimia mia moja, ukiacha vyuma. Na nguvu zake..." Hapo alinyamaza akanywa maji, maana kwenye hotuba yake nafasi ya tarakimu ilikuwa imeachwa wazi na mwandishi aliyeshindwa kumpata mtu wa kumuuliza. "Nguvu zake ni farasi mia tisa!"

Watu walipiga makofi kwa dakika saba. Siku ya Jumapili tarakimu ile ilichorwa ubavuni mwa injini kwa rangi ya dhahabu. Siku ya Jumatatu injini ilipakwa vanishi mara ya kumi na moja. Na Jumanne, kila kitu kilipokwisha kamilika, ikapelekwa Taasisi ya Kupima Injini ili ikapimwe.

Taasisi ile ilikuwa na wafanyakazi themanini na sita. Mmoja wao alikuwa anapima injini.

Huyo mmoja aliitwa Bi Sikudhani Mzumbwe, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi kwenye sikio la kushoto. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefanya kazi na mashine moja tu, nayo ni dainamomita, ambayo watu wa karakana walichoka kuitamka wakaiita Mkabaji. Jina liliifaa. Kazi ya mashine ile ni kuikaba injini. Unafunga shafti ya injini, ule mhimili wake unaozunguka, kwenye shafti ya Mkabaji, unawasha, injini inaanza kuzunguka, na Mkabaji anaizuia kwa maji yaliyo tumboni mwake. Injini inapambana, yeye anakaza. Kadiri inavyopambana ndivyo mkono wake wa chuma unavyosukumwa, na sindano inasogea kwenye uso wa saa kubwa ukutani kuonyesha nguvu za mpambanaji. Injini nyingi zilifika pale zikiwa na sifa, zikaondoka na tarakimu.

Asubuhi ile Sikudhani aliifunga Radi ya Taifa, akafungua maji, akavaa viziba masikio, akawasha. Kelele zilikuwa kubwa kweli. Madirisha yalitetemeka, njiwa wakaruka paani, na Mkurugenzi wa Taasisi, Bwana Ngwali, aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo na tai nyekundu, akainua dole gumba. Sikudhani alikaza maji taratibu. Sindano ikapanda. Mia moja. Mia moja na themanini. Mia mbili. Ikapanda kidogo tena, ikasimama, ikatetemeka kama inayotafuta maneno, ikabaki palepale.

Mia mbili kumi na nne.

Bwana Ngwali aliingia. "Bado inapanda?"

"Imefika, Mkurugenzi."

"Imefika wapi?"

"Mia mbili kumi na nne."

"Rudia."

Alirudia. Ikatoka mia mbili kumi na nne. Akaagizwa arudie tena, ikatoka mia mbili kumi na tatu.

"Simamisha!" alipiga kelele Ngwali. "Huoni kwamba inashuka? Ukiendelea hivi mpaka jioni tutabaki na pikipiki!"

"Hii ndiyo nguvu yake, Mkurugenzi. Mashine haina ugomvi na mtu."

"Bi Sikudhani," alisema Ngwali, akiupunguza ukali kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Waziri amesema mia tisa. Mashine inasema mia mbili. Sasa kati ya Waziri na mashine, nani ameapishwa?"

Sikudhani alikiri kwamba mashine haikuapishwa. Ngwali akaona wameelewana.

Siku iliyofuata ililetwa barua. Ilikuwa na kumbukumbu namba, mhuri, na nakala kwa ofisi saba, na ilikuwa imeandikiwa dainamomita yenyewe. "YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA," ilisema. "Wewe, ukiwa mtumishi wa umma, unatakiwa kueleza kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kumkaidi Mheshimiwa Waziri kwa tofauti ya farasi mia sita themanini na sita." Kwa kuwa Mkurugenzi alihofia mashine ingekuja kudai haikupata barua, Sikudhani aliamriwa aisome kwa sauti mbele ya mashine, kisha asaini kitabu cha kupokelea kwa niaba yake. Alisoma. Aliona haya kama mtu anayelazimishwa kumtukana mzee wa watu. Zikapita siku saba, mashine haikuandika kitu, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ni kiburi.

Basi akaja Waziri mwenyewe.

Mheshimiwa Bakunda aliteremka na msafara wa magari kumi na manne, akaizunguka dainamomita mara mbili, mikono nyuma, akaigonga kidogo kwa kiatu.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Mheshimiwa," alijibu Ngwali.

"Nani anayemwendesha?"

Sikudhani alijitokeza, akasalimia. Waziri akamtazama kwa upole wa kutosha kupigwa picha. "Mama, nieleze kwa lugha nyepesi. Hawa farasi mnaowahesabu humu ndani ni farasi wa nani?"

Lilikuwa swali zuri, na Sikudhani, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuna kiongozi aliyewahi kumuuliza swali, alilijibu kwa moyo wote. Alieleza kwamba zamani sana, katika nchi za mbali, watu walitaka kulinganisha mashine na farasi waliokuwa wakifanya kazi, wakakubaliana kipimo cha kazi ya farasi mmoja, na kipimo hicho ndicho kinachotumika hadi leo dunia nzima.

Waziri alimwacha amalize. Kisha uso wake ukabadilika, akawageukia waandishi wa habari.

"Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Miaka yote hii tunapimwa kwa farasi wa watu! Farasi anayekula shayiri, farasi wa baridi, farasi asiyeijua Tukuzia wala jua lake! Ndugu zangu, tumedhulumiwa. Nataka farasi wetu."

Tukuzia nzima ilikuwa na farasi mmoja. Aliitwa Jemadari, alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa kutembea polepole mbele ya magari siku za sherehe. Alitunzwa na mtu mwembamba aitwaye Mzee Fereji, ambaye alimwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe. Siku ya pili yake Jemadari aliletwa Taasisi akiwa amefungwa shada la maua shingoni, kamba ikazungushwa kwenye pipa la shafti ya Mkabaji, na Waziri akapunga bendera.

Jemadari alitembea hatua kumi na moja. Akasimama. Akafikiri. Akageuza shingo, akalivuta lile shada, akaanza kulila.

"Hajapata chai," alieleza Mzee Fereji.

Sikudhani alijikuta anacheka, na Mzee Fereji naye akacheka, mpaka wakafuta machozi. Wakati ule aliliona jambo lile kuwa mchezo tu wa wakubwa. Na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kufanya kazi, alisoma sindano kwa makini na kuandika kilichoonekana: sehemu ishirini na tatu kwa mia ya farasi mmoja.

Bwana Ngwali alipiga hesabu palepale kwenye simu yake. Aligawa mia mbili kumi na nne kwa ile sehemu, akatazama jibu, akakaa chini, akasimama tena.

"Mheshimiwa! Farasi mia tisa na thelathini!"

Waziri alifumba macho. "Thelathini zaidi," alisema kwa sauti ya chini. "Kumbe siku ile nilikuwa mnyenyekevu."

Sheria ya Farasi wa Taifa ilipitishwa bungeni kwa siku mbili bila pingamizi, ila mbunge mmoja alisimama kuuliza kwa nini punda wa jimbo lake wameachwa nje. Asubuhi ilipoanza kutumika, mashine za kusaga za farasi kumi ziliamka zikiwa za farasi arobaini na tatu, ingawa unga ulitoka uleule. Wenye magari mabovu walipongezana. Jemadari alivishwa nishani na kustaafishwa kwa heshima, na Mzee Fereji alisema huo ulikuwa uamuzi wa kwanza wa serikali aliouelewa.

Hapo ndipo mchezo ulipokwisha. Waziri alitangaza kwamba Radi ya Taifa itafungwa kwenye pantoni ya Mshikamano, inayovusha watu Mto Kirindi, mahali pa injini ya zamani ya farasi mia tatu arobaini, "injini ya kigeni," alisema, "isiyo na uzalendo." Uzinduzi utakuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Ilikuwa katikati ya masika.

Kilichobaki ni cheti, na cheti kilihitaji saini ya mpimaji. Ngwali alimwita Sikudhani ofisini, akamkaribisha kwenye kochi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia, akamwonyesha mlango wa jirani.

"Ofisi ile ina kiyoyozi," alisema. "Haina mtu. Mkurugenzi Msaidizi. Mimi namwona mtu mwenye miwani mle ndani."

"Nitaandika nilichokipima, Mkurugenzi."

"Hicho hicho. Nani anataka kingine?"

Sikudhani alikaa akaandika sentensi mbili kwa mwandiko wake wa mviringo. Ya kwanza ilisema: "Radi ya Taifa imepimwa na kuonekana kuwa na nguvu za farasi 930 wa Tukuzia." Ya pili ilisema: "Hii ni sawa na farasi 214 wa kawaida, na injini hii haifai kabisa kuendesha pantoni wakati wa masika." Akasaini chini yake. Alitoka ofisini kichwa juu, akijiambia kwamba ukweli umeandikwa na mwandishi wake anajulikana.

Ngwali alikisoma cheti kile mara tatu. Kisha akakata kipande cha karatasi nyeupe, akakilaza vizuri juu ya sentensi ya pili, akapiga kopi.

Alhamisi asubuhi Sikudhani alikuwa anasafisha mabomba ya Mkabaji alipoingia mdogo wake, Machano, nahodha wa pantoni ya Mshikamano. Machano alikuwa mtu wa utani, lakini siku ile hakutania. Mkononi alikuwa na gazeti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona asubuhi asubuhi? Nyumbani wazima?"

"Wazima." Akamfunulia gazeti. Cheti kilikuwa ukurasa wa mbele, kikubwa kama bango la sinema. "Dada, hii saini ni yako?"

Sikudhani aliinua miwani. Aliisoma sentensi ya kwanza. Akatafuta ya pili. Mahali pake palikuwa peupe, pasafi, kama hapakuwahi kuandikwa neno.

"Saini ni yangu," alisema. "Maneno yamepungua."

"Basi nieleze mimi, achana na karatasi. Hiyo Radi yenu ina nini?"

"Mia mbili kumi na nne."

"Farasi gani?"

"Wale wa zamani."

Machano alitafuta mahali pa kukaa, akakalia ndoo. "Dada, Kirindi ya sasa hivi inataka farasi mia tatu ili pantoni ikae palepale tu isisogee. Mto haujasomewa ile sheria. Na Jumamosi nimeagizwa nipakie wananchi mia nne, malori mawili ya mahindi na bendi ya polisi."

"Ikishindwa itakuwaje?"

"Ikiwa nyepesi hakuna neno, ni bapa kama sinia, haizami. Mkondo utaichukua mpaka kwenye fungu la mchanga kule kwa majirani, itakaa hapo kama kiboko. Lakini na mzigo ule!" Alitikisa kichwa. "Itageuka ubavu, maji yataingia mlangoni. Dada, watu mia nne. Akina mama wa soko la ng'ambo wote wameshajiandikisha, maana siku hiyo ni bure."

"Wewe kataa kuendesha."

"Nikikataa, nimeambiwa yupo dereva wa basi la wizara. Hajawahi kushika usukani wa majini, lakini ana ari."

  Kwa miaka ishirini na sita Sikudhani alikuwa amejisifu moyoni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuumia kwa ajili ya tarakimu yake. Akavua glavu, akapanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi.

Ngwali alimsikiliza kwa subira. Alisema cheti kimeshawekwa kwenye fremu. Alisema kukifuta kunahitaji fomu, fomu inatolewa na Waziri, na Waziri yuko kwenye mazoezi ya kukata utepe. Kisha, kwa furaha ya mtu asiyeweza kujizuia, akamwonyesha ratiba ya Jumamosi. Wananchi mia nne wangevuka kwanza, na viongozi wangewapungia kutoka ukingoni, chini ya hema.

Sikudhani aliitazama ratiba ile kwa muda mrefu. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya mtu mnyonge anayeuliza asichokijua.

"Mkurugenzi, kwa hiyo wa kwanza kuvuka kwa Radi ya Taifa watakuwa wauza kuku?"

"Wananchi, Bi Sikudhani. Wananchi."

"Ndiyo. Naona tu kwenye vitabu vya historia wataandikwa wao. Picha itakuwa ya kuku, na Mheshimiwa Waziri atakuwa kwa mbali, mdogo, chini ya hema. Au labda sielewi mambo ya itifaki. Na wewe pia sikuoni hapa kwenye ratiba."

Ngwali aliichukua ratiba. Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka kitandani.

Kufikia mchana wananchi mia nne walikuwa wamefutwa. Kufikia Ijumaa asubuhi mawaziri wanne walikuwa wakigombania kiti cha mbele, makatibu wakuu walikuwa wakigombania cha nyuma yao, na wakuu wa idara waliokosa viti walikuwa wakipiga simu kwa shemeji zao. Malori ya mahindi yaliondolewa kupisha makochi. Bendi ya polisi iliondolewa kwa sababu hakuna mwanabendi aliyefikia cheo. Mwishowe ilipatikana orodha ya watu sitini na watatu, wote wazito kwa madaraka tu.

Lilibaki suala la jaketi za kuokolea. Sikudhani alijua kwamba ukimwambia Mheshimiwa avae jaketi asizame, atauliza nani amesema atazama. Kwa hiyo alipeleka ujumbe mfupi kwa afisa itifaki: jaketi za rangi ya chungwa ni chache, na zimetengwa kwa ajili ya viongozi wa ngazi za juu peke yao. Jumamosi saa tatu asubuhi hapakuwa na kiongozi hata mmoja aliyekanyaga gatini bila jaketi. Wawili kati yao walivaa mbili mbili.

Sikudhani mwenyewe alipanda akakaa chini, kwenye chumba cha injini. Machano alimsihi ashuke.

"Jina langu ndilo lililo kwenye cheti," alimjibu. "Wewe shika usukani."

Hata hivyo, dhamiri haikumwachia. Kabla kamba hazijafunguliwa alipanda juu, akamsogelea Waziri, akamwambia waziwazi, mbele za watu: "Mheshimiwa, haitafika."

Bakunda alimpiga piga begani. "Mama, wasiwasi wako ni uzalendo. Nenda kawaangalie farasi."

Ukingoni walisimama akina mama wa soko na matenga yao, wamekasirika kwa kunyimwa safari ya bure. Utepe ulikatwa. Radi ya Taifa iliwashwa, na haijapata kusikika kelele kama ile. Redio ya Taifa, iliyokuwa ikitangaza moja kwa moja, ilisema vichanga wameacha kulia wapate kusikiliza.

Mita mia za kwanza zilikwenda vizuri. Waziri alisimama juu ya kochi, mgongo kwa ng'ambo na uso kwa wananchi, akaanza hotuba. Pantoni ilipofika katikati ya mto mkondo uliishika ubavuni, kwa utulivu, bila haraka, na kuanza kuondoka nayo.

"Angalieni!" alisema Waziri, akiyaona majumba na miti ya ukingoni ikipita mbele yake. "Angalieni nchi yetu inavyokwenda mbio!"

Viongozi walipiga makofi. Bwana Ngwali, ambaye mke wake alikuwa mtu wa mtoni, alivuta suruali ya Waziri.

"Mheshimiwa, naona kama tunakwenda kando."

"Kando wapi?"

"Kando kote."

Bakunda alitazama. Gati la ng'ambo, lenye maua na zulia jekundu, lilikuwa limebaki mbali, dogo kama kiberiti. Akainama kwenye mlango wa chumba cha injini, jaketi imembana mashavu.

"Mama! Mwambie nahodha aongeze farasi!"

Sikudhani aliinua uso wake uliojaa moshi. "Wameisha, Mheshimiwa. Wote mia mbili kumi na nne wako kazini."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine wako kwenye karatasi."

 Minong'ono ilianza. Katibu mkuu mmoja aliulizia nani mwenye mamlaka ya kufunga mto. Mwingine alipendekeza kiundwe kikosi kazi, wakateuana, wakakosa katibu.  Machano alikuwa ameuma meno, ameshikilia usukani kwa mikono na goti, akiilinda pantoni isigeuke ubavu. Sikudhani aliisikiliza injini. Iliwaka kwa uaminifu wake wote, maskini, ikitoa kila ilichokuwa nacho, na alijikuta anaionea huruma, maana haikuwa imedai kitu. Aliomba Mungu isizime. Haikuzima. Redio ikatangaza kwamba pantoni imechagua njia ndefu ili viongozi wapate kuiona nchi.

Baada ya saa moja na nusu waliliona fungu la mchanga. Machano akalilenga. Pantoni ilipanda juu ya mchanga kwa mkwaruzo mrefu, makochi yakateleza, na mawaziri watatu wakajikuta wamekalia kochi la mtu mmoja.

Akaja afisa uhamiaji wa nchi jirani, kijana mwenye kofia na daftari, suruali ameikunja magotini. Aliwatazama watu sitini na watatu wenye jaketi za rangi ya chungwa.

"Karibuni. Mmetokea wapi, na mmekuja kwa shughuli gani?"

Wote walimtazama Waziri. Bakunda alinyoosha jaketi.

"Ziara rasmi," alisema.

Redio ya Taifa iliitangaza taarifa hiyo dakika kumi baadaye: katika historia ya mahusiano, ni mara ya kwanza kwa baraza karibu lote kutembelea jirani kwa pamoja, kwa chombo kimoja, bila kualikwa. Majirani waliwapa chai, wakawagongea mihuri, wakawarudisha kwa boti la kuvuta la farasi mia nne, pantoni ikiburutwa nyuma yake. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni farasi wa wapi.

Tume iliundwa. Ilikaa wiki sita na kugundua kwamba chombo kilikuwa kizima, injini ilikuwa na nguvu zote mia tisa na thelathini kwa mujibu wa sheria, na kosa lilikuwa la Mto Kirindi, uliokuwa ukienda kasi bila kibali. Kibao cha kupunguza mwendo kilisimikwa ukingoni, kikielekezwa majini. Radi ya Taifa ilipakwa vanishi mara ya kumi na mbili na kuwekwa juu ya nguzo, kwenye mzunguko wa barabara kuu, ambako hapakuwa na mkondo. Waziri Bakunda alipandishwa cheo akawa Waziri wa Nguvu, Fahari na Mambo ya Nje, kwa kuwa sasa alikuwa na uzoefu.

Suala la Sikudhani lilionekana gumu kidogo. Kumfukuza ilibidi waeleze sababu, na sababu ilikuwa haitajiki. Ngwali ndiye aliyepata njia. Alimwandikia barua ya uhamisho: kwa kuwa ameonyesha wasiwasi usio wa kawaida kuhusu pantoni, anateremshwa cheo kwenda kuwa fundi wa pantoni hiyo hiyo, kuanzia mara moja. Alipomkabidhi barua alimwangalia usoni aone machozi.

"Ofisi ya kiyoyozi imepata mtu?" aliuliza Sikudhani.

"Shemeji yangu."

"Mpe hongera."

Siku ya kuondoka alimfuta Mkabaji vumbi, akafunga maji, akamkabidhi funguo mlinzi, maana katika wale themanini na watano waliobaki hakupatikana aliyejua zinafungua nini.

Injini ya zamani, ile ya farasi mia tatu arobaini, ilikuwa nyuma ya ghala chini ya turubai. Hakuna aliyeamrisha irudishwe, na hakuna aliyekataza. Sikudhani na Machano waliirudisha kwa siku tisa, wakiwa na winchi ya kukodi na mafundi wawili wa meli waliostaafu.

Jumatatu ya kwanza, saa moja asubuhi, mto ukiwa bado umejaa, Mshikamano iliondoka ukingoni na watu mia mbili, lori moja na mbuzi wengi. Sikudhani alikaa chini akisikiliza mpaka alipohisi mkondo unaishika pantoni. Injini ilinguruma kwa sauti ya chini, ikakaza, pantoni ikatetemeka kidogo, ikaendelea mbele. Hakuna aliyehutubia. Walipofika ng'ambo mlango uliteremshwa, watu wakashuka wakibishana kuhusu bei ya nyanya, wakaenda zao.

Mama mmoja aliyebeba tenga la kuku alisimama mbele ya Sikudhani, akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Mmechelewa dakika nne. Soko limeshajaa. Nyie watu wa serikali hamjali kabisa!"

"Tusamehe, mama," alisema Sikudhani, akampokea tenga kumshusha nalo. "Kesho tutawahi."

Yule mama aliondoka bado akinung'unika, na Sikudhani alisimama mlangoni mwa pantoni, mikono imejaa grisi, akimsikiliza kwa raha mpaka sauti ikapotelea sokoni.